Meza Yenye Tundu la Ufunguo

Ninyi makarani wapya mnaokaa sasa katika ofisi ya bandarini, bila shaka mmekwisha kujiuliza kwa nini meza yenu ina tundu la ufunguo. Liko upande wa kulia, pale mkono wa mwandishi unapopumzika, na kalamu ikiteleza huingia humo ikaangukia miguuni. Mimi niliweka chupa ya wino juu yake kwa miaka mingi. Nawashauri mfanye vivyo hivyo, ila chupa ikae katikati kabisa ya tundu, isikae pembeni, kwa sababu ikikaa pembeni meza ikitikiswa kidogo tu... Lakini nimeanza na wino kabla ya salamu. Mugonile, wenzangu.

Nimeacha kazi nikiwa na meno yote na mvi chache. Serikali iliyoniajiri ndiyo iliyostaafu kwanza. Wajerumani walipanda milimani na mizigo yao, Waingereza wakaingia, na bwana mpya akaniuliza kama ningependa kuendelea. Nikamwomba siku mbili za kufikiri. Hazikunitosha. Siku ya tisa nilipokwenda na jibu nilimkuta mtu mwingine ameketi mezani. Ni mmoja wenu, anajijua. Alinipisha kiti, tukazungumza vizuri, na ndiye aliyeniuliza habari za tundu. Nikamwambia nitamwandikia. Haya ndiyo maandishi yenyewe. Yamekuwa marefu kuliko tundu.

Mimi ni mtoto wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa, ambako mgeni hufika kwa mtumbwi. Mama yangu alifinyanga vyungu, akavipakia, akavuka navyo kwenda kuviuza bondeni kwa Wanyakyusa. Mimi nilipelekwa shule ya misheni, nikamaliza, nikapewa cheti chenye jina langu, Elia, kwa wino mweusi. Nilikuwa nimeamini kwamba mtu akishapata cheti huacha kuogopa. Ikawa kinyume chake. Kabla ya cheti sikuwa na kitu cha kupoteza.

Niliajiriwa boma la ufukweni kama karani wa pili. Karani wa kwanza alikuwa Bwana Sudi, mtu wa Pwani, mwembamba, mwenye kanzu isiyopata doa hata akishika wino kutwa. Siku yangu ya kwanza alinipa barua moja ya kunakili, mistari sita. Nikaimaliza adhuhuri. Kila nilipomaliza nilihofu kwamba nimeruka neno, nikaanza upya. Bwana Sudi alizitazama nakala zangu saba, zote sawasawa, akazipanga vizuri.

"Elia," akasema, "serikali iliomba moja."

"Nilitaka kuwa na hakika, Bwana Sudi."

"Sikiliza. Kazi hii ina jambo moja tu. Andika ulichokiona. Ulichokifikiri kiache nyumbani, utakikuta jioni."

Nimefanya kazi kwa maneno hayo mpaka mwisho, ingawa mimi nilichokifikiri kilikuwa kinanifuata ofisini.

Ukutani pale palikuwa na kanuni za boma, zimebandikwa kwa gundi ya unga ambayo mende waliipenda sana. Kanuni ya kwanza ilihusu moto: jengo la serikali lisiwe na moto unaowaka pasipo mlinzi aliyewekwa. Ghala ya kwanza ya ufukweni ilikuwa imeteketea kwa jiko la mpishi, na mabwana hawakuwa na hamu ya kuiona ya pili ikiteketea. Makarani wengine waliisoma kanuni hiyo mara moja. Mimi iliniingia mwilini. Tulipofunga ofisi nilirudi kuitazama taa, nikarudi tena, na mara nyingine nikagusa kioo chake kuona kama kimepoa. Bwana Sudi alikuwa akiningoja njiani na mwavuli wake.

"Wewe," alisema siku moja, "hata jua likizama ungependa kwenda kuhakikisha kama limezimika vizuri."

Naandika haya ili muelewe niliyofanya baadaye. Sikufanya kwa ujasiri.

Kulikuwa na mtawala katika nchi ile ya migomba iliyo kati ya Ikolo na Ngana. Wanyakyusa humwita mtawala Malafyale. Jina lake halisi sitaliandika, kwa kuwa wajukuu zake wapo na baadhi yao wanajua kusoma. Alikuwa na nyumba ambayo watu walitembea siku nzima kwenda kuitazama. Ilikuwa ya mianzi kama nyumba zote za kule, lakini ndefu kuliko zizi lolote, na kuta zake zilikandikwa kwa udongo mweupe na mwekundu, zikachorwa kwa vidole kuanzia chini mpaka usawa wa kichwa. Ilikuwa na madirisha matatu ya kioo aliyoyatengeneza fundi wa misheni, na mlango wa mbao nzito uliobebwa kutoka Pwani kwa mabega ya watu, wenye kitasa cha shaba. Ikulu ya kweli. Ufunguo Malafyale aliuvaa shingoni.

Sasa, kwa Wanyakyusa kila kizazi kina zamu yake. Vijana wa rika moja hujenga kijiji chao wenyewe, na wakishakuwa watu wazima Malafyale huitisha sherehe ya kuwatoa. Siku hiyo nchi hukabidhiwa kwao. Mtoto wa Malafyale huwa Malafyale, na baba husogea pembeni. Inasemekana baba hakai sana duniani baada ya kusogea. Hilo ndilo lililomwogopesha mtawala wetu. Mwaka ulipita, mwingine ukapita, akawa anasema bado. Wazee walipomsukuma akaenda boma, akaandikwa kuwa mtu wa serikali, akarudi akisema kwamba sasa mwenye ruhusa ya kumtoa ni Bwana Mkubwa peke yake. Rika la mtoto wake likaoa, likazaa, likaanza kuota mvi, na kwa desturi bado waliitwa vijana. Hawakuwa na sauti katika mashauri wala ardhi ya kuwagawia watoto wao.

Basi asubuhi moja wakuu wa vijiji na rika lile zima wakaingia uani. Wakafungua zizi, wakatoa ng'ombe, wakamwambia aondoke. Aliyejeruhiwa ni mbwa mmoja tu. Malafyale akavuka mto Songwe kwenda upande wa Waingereza, na ufunguo shingoni. Mke wake mkubwa akakataa kumfuata. Akabaki ndani ya nyumba ile kubwa peke yake.

Mtu angetarajia kwamba mtoto angeingia siku hiyohiyo akaketi kwenye kiti. Hakuingia. Miezi mitatu ikapita, nyumba imesimama, mama yumo, na watu wamekaa nje ya ua kama watu wanaongoja mvua. Sisi bomani tulishindwa kuelewa. Nami kila nilichoshindwa kuelewa kilinikosesha usingizi, kwa hiyo nilikuwa nikimwuliza kila mchuuzi aliyepita bandarini, na kila mchuuzi alinipa jibu lake.

Bwana Shauri, yule Mjerumani aliyesikiliza kesi zetu, alichoka kungoja. Akaniita.

"Nyumba kubwa kama ile haiwezi kukaa bure. Nenda ukaipime, utazame hali yake. Nitakuja baada ya siku nne. Ikifaa, nitamweka akida humo."

Nje Bwana Sudi alinishika mkono. "Umeelewa umetumwa nini?"

"Kupima nyumba."

"Akida ni mtu wa kutoka mbali, hana ndugu kule, anasikiliza boma tu. Akilala humo siku moja, watu wale hawapati Malafyale wao tena. Kijana wao atabaki kijana mpaka azikwe."

"Kwa hiyo niandike kwamba haifai?"

"Uandike ulichokiona."

"Na nikiona inafaa?"

Bwana Sudi alifikiri kidogo, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mbele yangu. "Basi Mungu akupe macho mabovu," akasema.

Nilikwenda na askari mmoja, Feruzi, mtu mnene mchangamfu ambaye safari yoyote aliipima kwa chakula kitakachopikwa mwisho wake. Nilibeba kamba yangu ya kupimia, yenye fundo kila hatua. Neno kwa wenzangu hapa: fungeni kamba yenu wenyewe. Kamba ya ofisi imepimwa na watu wengi, na kila mmoja ameivuta kwa nguvu zake.

Tulifika jua limepanda. Nje ya ua walikuwa wameketi wazee kama kumi. Aliyesema kwa niaba yao aliitwa Kajuni, mkuu wa kijiji, mzee mfupi mwenye kicheko cha puani.

"Mugonile, tata," nikasalimu, kama mtu anavyomsalimu baba.

"Ndaga. Mtoto wa wapi wewe?"

"Ikombe."

"Aa, mtoto wa vyungu!" Akawageukia wenzake. "Serikali imetuma mtoto wa vyungu kuja kupima nyumba. Sijui ataigonga na kusikiliza kama ina ufa?"

Walicheka, na mimi nikacheka kidogo ili nisionekane nimekasirika, kisha nikahofu kwamba nimecheka mno.

"Na huyu," Kajuni akasema, "ndiye Kijana."

Aliyeinuka kunisalimu alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, na ndevu zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko nilizo nazo mimi leo.

"Kijana?" nikauliza.

"Ndilo shauri lenyewe hilo," akasema yeye, bila kucheka.

Nikaketi, nikatoa daftari. "Kwa nini huingii? Nyumba ni ya baba yako, na milango mnaweza kuivunja."

"Mlango uko wazi. Siwezi kuingia. Baba bado yumo."

"Baba yako amevuka Songwe."

"Amevuka," Kijana akasema. "Na yumo."

Wazee wote wakaitikia kwa vichwa, kana kwamba jambo limeelezwa vya kutosha. Niliandika: *Amevuka, na yumo*, nikaweka alama ya kuuliza. Feruzi hakupenda alama za kuuliza. Aliingia ndani na bunduki yake, akachungulia uvunguni mwa kitanda, akatoka.

"Hamna mtu," akasema. "Kuna bibi tu."

Nikaingia. Kwanza sikuona kitu, kisha macho yakazoea. Ndani mlikuwa safi kuliko ofisi yetu. Mianzi ya dari ilikuwa myeusi na kung'aa kwa moshi wa miaka mingi. Katikati palikuwa na moto, magogo matatu yaliyokutana vichwa, na kando yake aliketi mwanamke mzee ambaye watu wote walimwita Juba, yaani mama. Nami nikamwita hivyo.

"Mugonile, Juba."

"Ndaga, mwanangu. Umekuja kufanya nini na kamba hiyo?"

"Kupima nyumba."

"Ukishaipima itaongezeka?"

"Haitaongezeka, Juba."

"Basi pima taratibu. Hakuna anayekufukuza."

Nikapima urefu, upana, na kimo cha mlango. Nikapima tena. Nyumba ilifaa. Hapakuwa na mchwa, nguzo zilikuwa imara, paa halikuvuja. Kila fundo la kamba lilinisogeza karibu na akida. Nikatafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea, nikagonga nguzo zote moja moja, nikafikiri Kajuni ananisikia huko nje na kucheka.

Halafu moto ukarusha cheche.

Ilikuwa cheche ndogo. Iliruka, ikapanda, ikazimika kabla ya kufika darini. Lakini mimi niliifuata kwa macho mpaka kwenye nyasi kavu za paa, na kuanzia hapo sikuweza kufikiri jambo lingine. Nikajiuliza: nyumba hii sasa ni ya nani? Kama nimetumwa kuipima kwa ajili ya serikali, je, ni jengo la serikali tayari, au litakuwa jengo la serikali siku Bwana Shauri atakapofika? Kama ni tayari, kanuni ya kwanza inavunjwa mbele ya macho yangu. Kama si tayari, na ikaungua leo, nitasemaje? Kwamba niliona moto, nikaenda zangu kwa sababu sikuwa na hakika ya siku? Na bibi huyu ni mzee. Akisinzia je?

"Juba," nikasema, "ukilala nani anaulinda moto huu?"

"Silali sana."

"Na ukitoka?"

"Sitoki."

"Boma lina kanuni, Juba." Nikamsomea kwa kichwa, neno kwa neno, kisha nikaitafsiri kwa Kinyakyusa changu kibovu. Jengo, moto, mlinzi aliyewekwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama muda mrefu, kwa namna ambayo nimeikumbuka maisha yangu yote, halafu akautazama moto.

"Nani ameiandika kanuni hiyo?"

"Sijui. Mabwana."

"Na wewe unaiogopa?"

"Ninauogopa moto, Juba. Kanuni imenikuta nikiwa naogopa tayari."

Akanyoosha mkono. "Maji yamo kwenye mtungi ule."

Mtungi ulikuwa hatua moja tu kutoka motoni, umejaa mpaka ukingoni, na kibuyu kimewekwa juu yake. Ukingo wake ulikuwa na alama za kucha nne nne. Nilizijua. Ni alama za mama yangu. Hakuna mfinyanzi mwingine wa Ikombe aliyebonyeza hivyo. Sijui kwa nini jambo hilo lilinitia moyo. Nadhani nilijisikia kama niko nyumbani na nimeambiwa kufanya kazi ndogo.

"Hutasikia baridi?"

"Jua linawaka," akasema.

Nikamwaga kibuyu cha kwanza. Moto ulilia, moshi ukajaa nyumba nzima. Nikamwaga cha pili. Cha tatu kilikuwa cha hakika. Kisha nikachokoa majivu kwa kijiti, kama nifanyavyo siku zote, mpaka nikaona kila kaa ni jeusi.

Juba aliinuka. Aliinuka kwa shida, akishika nguzo, akatoka nje. Nilisikia sauti za wazee zikikatika ghafla.

"Moto umezimwa," akasema.

"Nani ameuzima?" Kajuni akauliza, na sauti yake haikuwa na kicheko hata chembe.

"Serikali."

Nikatoka nikikohoa, macho yananitoka machozi, kibuyu mkononi. Kajuni akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Ndiyo hii?" akasema.

Nilitaka kueleza kanuni lakini hakuna aliyenisikiliza. Kijana alikuwa amefunika uso kwa mikono yake yote miwili, na mabega yanatikisika. Mwanamke mmoja akapiga kelele, ile kelele ndefu ya kutangaza. Kelele ikachukuliwa na nyumba ya pili, ya tatu, ikaenda mbali mpaka sikuisikia tena. Halafu nikasikia jambo lingine: *chwii*, karibu, halafu *chwii* nyingine ng'ambo ya migomba. Watu walikuwa wakimwaga maji kwenye mafiga yao.

Wenzangu, mmewahi kuitazama nchi ile mchana? Kila paa linatoa moshi, mwembamba, wa buluu, kama nyumba zinapumua. Nilisimama pale nikaona moshi unakoma. Paa baada ya paa, kuelekea Ikolo, kuelekea Ngana, mpaka bonde lote likawa tupu na safi, mchana kweupe. Nilidhani ni vita. Nilimwambia Feruzi aandae bunduki.

"Bunduki ya nini?" akasema kwa uchungu. "Walikuwa wananipikia ndizi na maharage. Zilikuwa zimebaki kidogo tu. Karani, umezima jiko la nchi nzima!"

Ni Kajuni aliyenihurumia. Aliketi kando yangu akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto wa vyungu. Malafyale anapotolewa, mioto yote ya nchi huzimwa, na moto mpya hupekechwa kwa kijiti na Malafyale mpya na kugawiwa kila nyumba. Moto wa ikulu ndio utawala wenyewe. Ukiwaka, mwenyewe yumo, hata akivuka mito kumi. Baba ndiye anayepaswa kutoa ruhusa uzimwe. Mtoto akiuzima mwenyewe amemuua baba yake. Mzee wa kijiji akiuzima amemuua Malafyale wake. Mke akiuzima... hakuimalizia sentensi hiyo.

"Tulimfukuza kwa siku moja," akasema. "Moto umetushinda miezi mitatu."

"Na mimi je? Nimemuua?"

Kajuni akalifikiria. "Wewe si wa hapa. Umefuata karatasi yako."

Alasiri ileile, mbele ya wazee wote, Kijana akapekecha moto mpya. Ilimchukua muda. Rika lake, wanaume wenye vipara na vitambi, walimzunguka wakiimba wimbo ambao walikuwa wameungoja tangu ndevu zao zilipoanza kuota. Moshi wa kwanza ulipotoka, watu wakawasha mienge na kukimbia nayo. Kabla jua halijazama mapaa yote yalikuwa yanapumua tena, na Feruzi alikuwa anakula.

Kuhusu ikulu. Kwa desturi, moto mpya ukishawashwa hakuna anayelala chini ya paa la zamani, na Malafyale mpya hujenga mahali pengine. Asubuhi iliyofuata walianza kuivua nyasi. Bwana Shauri alipofika siku ya nne alikuta nguzo, madirisha matatu yameegemezwa kwenye mgomba, na watu wakipita na mianzi mabegani wakimsalimu kwa adabu. Nilimpa taarifa yangu. Nilikuwa nimeiandika mara kumi na moja, na kila mara ikawa fupi zaidi. Ya mwisho ilisema: *Nyumba ilikuwa imara. Ndani palikuwa na moto usio na mlinzi aliyewekwa. Niliuzima kwa kanuni ya kwanza. Baada ya hapo wenyeji waliibomoa nyumba na kumweka Malafyale mpya.*

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani jinsi nitakavyomwambia mama kwamba nimefukuzwa kazi.

"Ulifuata kanuni," akasema hatimaye, kama mtu anayetafuta mahali pa kunishika asipaone. Akamwandika Kijana kuwa mtu wa serikali, kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya kumweka akida. Madirisha yalirudi misheni. Mianzi iliishia kwenye mazizi ya watu. Mahali pale leo ni migomba tu, mizuri sana, na hakuna anayeikata bila sababu.

Mlango ndio Malafyale mpya aliniletea. Watu wanne waliubeba mpaka bandarini. "Mpeni karani," alikuwa amesema, "yeye anapenda kufunga mambo." Bwana Sudi aliulaza juu ya mihimili miwili, akautandika kitambaa, akasema ni meza. Ufunguo wake haukuonekana tena. Ulikuwa ng'ambo ya Songwe, shingoni mwa mtu.

Mvua za mwaka ule hazijakatika, habari zikaja kwamba mtu huyo amefariki. Alikuwa mzee, walisema alikuwa na homa. Mimi nilihesabu miezi.

"Bwana Sudi, nimemuua."

"Uliona maji yakivuka mto na kumuua mtu?"

"Sikuona."

"Basi usiliandike."

Sikuliandika. Lakini niliketi mbele ya mlango wake kwa miaka yote iliyobaki, nikinakili barua za shehena na hati za kodi, na tundu la ufunguo likinitazama kutoka chini ya chupa ya wino. Bwana Sudi alirudi kwao Pwani, nikawa karani wa kwanza, nikawafundisha wengine kufunga kamba. Na jambo lililonisumbua zaidi ya kifo kile lilikuwa mtungi. Bibi asiyetoka nje, mwenye kutembea kwa kushika nguzo. Kwa nini mtungi mkubwa vile ulikuwa hatua moja kutoka motoni, umejaa mpaka ukingoni, na kibuyu juu yake?

Mwaka huu, baada ya kunyimwa kiti kwa kufikiri mno, nilikuwa na muda. Nikatembea mpaka kwa Malafyale. Yeye sasa ni mzee kweli, na wakuu wa vijiji wameanza kumkumbusha habari za mtoto wake. Nyuma ya nyumba yake kuna nyumba ndogo ya mianzi, na ndani yake nilimkuta Juba. Haoni vizuri tena. Alinijua kwa sauti.

"Mtoto wa vyungu."

"Ndimi, Juba." Nikaketi. Nilikuwa nimeandaa njia ndefu ya kulifikia swali, lakini lilinitoka lenyewe. "Mtungi ule. Nani aliujaza?"

"Mimi."

"Ulikuwa hutembei bila kushika nguzo."

"Niliujaza kila asubuhi, kibuyu kwa kibuyu, kutoka mtaro unaopita nyuma ya ukuta tu. Miezi mitatu. Nauweka karibu, nashika kibuyu, nautazama moto. Jioni namwaga maji kwenye migomba. Mkono haukukubali. Alikuwa mume wangu."

Kuku aliingia, akatoka.

"Na mwanangu alikuwa anazeeka akiwa kijana," akasema. "Nikasema, mtu atakuja. Akaja bwana wa misheni, akaketi, akaota moto, akaniombea. Akaja mchuuzi wa chumvi, akawasha kiko chake, akashukuru. Askari wako akachungulia uvunguni. Wote waliingia, wakauona moto, wakaupenda."

Akanyoosha mkono wake gizani mwake mpaka akaupata wangu.

"Wewe peke yako uliingia ukauogopa."